Filamu iliyopigwa mtoni Ruiki: nani ana jina, nani hana



Vijana wa makanisa yetu mjini Kisangani wanajua kwamba filamu moja ya zamani, yenye sifa duniani kote, ilipigwa hapa kwetu. Wengine wameiona kwenye simu, vipande vipande. Wanauliza: je, ni kweli ni hapa? Na je, ni filamu ya Wakristo, kwa kuwa inaanza kanisani? Tumeona ni vema kueleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana filamu hiyo inahusu Waprotestanti, inahusu mto wetu, na inatufundisha kitu juu ya namna sisi wenyewe tunavyosimulia habari za makanisa yetu.

Filamu yenyewe ni The African Queen. Mwongozaji wake ni John Huston, na ilitoka mwishoni mwa mwaka 1951. Waigizaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Inatokana na kitabu cha riwaya cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka 1935. Sehemu ya picha zilichukuliwa Uganda, kando ya Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Sehemu nyingine, zile za mto mwembamba uliofunikwa na msitu pande zote mbili, zilichukuliwa hapa Kongo, wakati ule Kongo ya Wabelgiji, mahali paitwapo Biondo kwenye mto Ruiki, kusini ya mji. Kisangani wakati huo iliitwa Stanleyville, na Ubundu iliitwa Ponthierville. Picha za watu wakiwa ndani ya maji zilimaliziwa studio mjini London, kwa sababu maji ya huku waliyaogopa, na kweli wengi wa kundi lile waliugua sana. Bogart na Huston hawakuugua. Wao walipenda kusema ni kwa sababu hawakunywa maji bali wiski. Shauri hilo hatuwapi vijana.

Hadithi iko hivi. Ni mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Mchungaji wa Kimethodisti kutoka Uingereza, Samuel Sayer, anahudumu kijijini pamoja na dada yake Rose, mwanamke ambaye hajaolewa. Vita inaanza. Askari wa Wajerumani wanafika, wanachoma nyumba, wanawachukua watu, na mchungaji anapigwa kwa kitako cha bunduki. Anaanguka homa, anafariki. Charlie Allnut, fundi mwenye mashua ndogo ya moshi iitwayo African Queen, anamchukua Rose. Wawili hao wanateremka mto wenye maporomoko, wakiwa na kusudi la kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Njiani, mwanamke mcha Mungu na mlevi asiyejali kitu wanapendana. Hapo ndipo utamu wa filamu ulipo.

Tuseme wazi: ni filamu nzuri. Tunasema hivyo bila kusita. Hepburn alikuwa na miaka zaidi ya 40, Bogart alikuwa amepita 50, na ni nadra sinema ya wakati ule, au hata ya leo, kuonyesha upendo wa watu wazima wa umri huo kwa heshima namna hii. Rose si pambo. Ndiye anayetoa wazo, ndiye anayeshika usukani, ndiye anayemwaga chupa za pombe mtoni Charlie akiwa amelala. Na kuna sala yake. Mashua imekwama katika matete, Charlie ana homa, hawana nguvu tena, na Rose anaomba kwa maneno machache tu, si kwa kudai muujiza bali kwa kujikabidhi. Kisha kamera inapanda juu, nasi tunaona kitu ambacho wao hawakioni: ziwa liko karibu kabisa. Usiku mvua inanyesha mbali juu ya mto, maji yanajaa, mashua inaelea. Wahubiri wengi wangetamani mfano kama huo. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na mwaka 1994 Marekani iliiweka filamu hii katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Sasa turudi mwanzo wa filamu, kanisani.

Samuel anaongoza wimbo, Rose anapiga kinanda kwa nguvu, jasho linamtoka. Waumini Waafrika wamejaa. Wanaimba, lakini wimbo hausikiki kuwa wimbo. Ni kelele. Kila mtu anavuta upande wake, na mtazamaji wa London au New York anatakiwa kucheka. Kisha Charlie anafika, anatupa kipande cha sigara nje, na watu wanagombania kile kipande hadi ibada inavurugika. Hayo ndiyo mambo mawili makubwa ambayo filamu inatuonyesha juu ya Wakristo Waafrika: hawawezi kuimba, na imani yao haina uzito wa kipande cha sigara.

Sura za watu wale ni za watu wa upande wa Ziwa Albert, Uganda, maana kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya filamu huko Butiaba. Lakini kwa mtazamaji wa mbali hilo si kitu. Kijiji chenyewe kimepewa jina la Kungdu, jina ambalo hakuna Mbantu angeweza kulitamka bila kushangaa. Ngome ya Wajerumani inaitwa Shona, ambalo ni jina la watu wa Zimbabwe. Mto unaitwa Ulanga, na huo kweli uko Tanzania, kisha unageuka kuitwa Bora. Mtu wa Kiswahili anatabasamu hapo. Kwa watengenezaji, Afrika ilikuwa mahali pamoja, na watu wake walikuwa kundi moja.

Baada ya kijiji kuchomwa, watu hao wanaondoka katika hadithi. Walichukuliwa wapi? Wangapi walirudi? Charlie anaeleza kwa maneno machache kwamba Wajerumani wanawachukua wawe askari, basi. Rose analia kwa ajili ya ndugu yake, na ni haki yake. Lakini kusudi lake lote linatoka katika kifo kimoja cha Mzungu. Wale waumini aliowapigia kinanda kwa miaka hawatajwi hata katika sala ile nzuri ya matete. Waafrika tunaowaona tena ni askari wanaopiga risasi kutoka ngomeni au wanaotumika chini ya maofisa Wajerumani. Hadithi haimfuati hata mmoja.

Watu wanapotumia neno «uwakilishi» katika habari za sinema, wanauliza jambo hilo. Si kuhesabu tu ni Waafrika wangapi wanaonekana. Katika filamu hii wanaonekana wengi. Wanauliza nani anasema, nani ana jina, nani anaamua jambo, na nani akifa tunajua kwamba amekufa.

Kuhusu ule wimbo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu jibu lake liko hapa hapa Tshopo.

Kilomita kama 20 kutoka mjini, ukiteremka mto, iko Yakusu, misheni ya Wabaptisti wa Uingereza iliyoanzishwa miaka ya 1890. Huko alifanya kazi mmisionari John Carrington, aliyesoma kwa makini lugha ya Kilokele na ngoma zake zinazosema, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya ngoma hizo. Alieleza kwamba Kilokele ni lugha ya sauti ya juu na sauti ya chini, na ukibadilisha sauti unabadilisha maana. Mfano wake unajulikana: maneno alambaka boili, kwa sauti moja, ni mtu aliyetazama ukingo wa mto. Kwa sauti nyingine, ni mtu aliyempika mama mkwe wake. Ndugu zetu Walokele wanaosoma hapa watatuwia radhi kwa kuurudia mfano huo mara nyingine tena.

Sasa chukua wimbo wa Ulaya wenye tuni iliyotungwa kwa Kiingereza. Tuni inapanda mahali ambapo neno la Kilokele linataka kushuka, inashuka mahali ambapo neno linataka kupanda. Muumini anapewa kuchagua: aimbe tuni sawasawa na kuharibu maana, au alinde maana na kuiharibu tuni. Ikiwa kuna kelele kanisani, swali la kwanza si kama watu wanajua kuimba. Swali ni nani alileta tuni hiyo na kama aliuliza. Filamu haikuuliza. Na watu wale wale wa Yakusu walikuwa wakiitwa ibadani na shuleni kwa ngoma inayosema maneno kamili, yanayosikika vijiji vya mbali kabla ya barua yoyote kufika.

Tena, mwaka ule wa 1951, wakati Huston anapiga picha mtoni Ruiki, Yakusu ilikuwa na hospitali na shule ya wauguzi. Tangu Dokta Clement Chesterman alipofika mwaka 1920, vijana Wakongo walifundishwa kupima damu, kudunga sindano za ugonjwa wa malale, na kusimamia zahanati za vijijini. Kuwaonyesha Waafrika kama kundi lisiloelewa kitu halikuwa kosa la kutojua tu. Mambo hayo yalikuwa njiani kabisa, umbali wa safari ya mtumbwi kutoka bandari ya Stanleyville.

Na kabla ya hapo tulikuwa na Disasi Makulo. Alizaliwa katika nchi yetu hii ya chini ya mto, akatekwa akiwa mtoto na watu wa Tippu Tip mwanzoni mwa miaka ya 1880, akakombolewa na Stanley, akapitia mikono ya watu mbalimbali mpaka akafika kwa mmisionari George Grenfell. Akabatizwa mwaka 1894. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwandishi wa sinema aliyeliwazia: alirudi kwa watu wake mwenyewe kuwahubiria, akaanzisha kazi ya Yalemba, karibu na mahali ambapo mto Aruwimi unaingia mto mkubwa. Alimsimulia mwanawe maisha yake, na kitabu kikatoka Kinshasa mwaka 1983. Mtoto aliyenyakuliwa, akavuka mto mzima, akarudi na Injili. Kama mtu anatafuta hadithi ya mto, ya hatari na ya upendo, hiyo ipo. Bado haijapigwa filamu inayojulikana kama ile ya Bogart.

Hata vita ya kwenye filamu ina historia yake ya kweli, nayo ni ya kwetu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo zilivutwa porini, milimani, kwa mashine za moshi, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, barabara ikikatwa na madaraja yakijengwa mbele yao. Zikashushwa katika Lualaba pale Bukama, mto huu huu unaopita Ubundu na kufika kwetu, zikaenda mpaka Kabalo, kisha kwa reli mpaka ziwani, mahali ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata meli ya Wajerumani Kingani. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ambayo ndiyo mfano wa meli ya kwenye filamu, Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma mwaka 1916. Baadaye iliinuliwa, na ndugu zetu wa Kalemie na Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba.

Waliokata barabara ile walikuwa Wakongo. Vilevile wapagazi waliobeba risasi na chakula cha jeshi la Force Publique mpaka Tabora, iliyotekwa Septemba 1916, walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Upande wa Tanganyika, wamisionari wa Kiingereza hawakupigana na meli. Walifungwa na Wajerumani, wengine Tabora, mpaka mji ulipotekwa. Walimu Waafrika wa misheni hizo walifungwa pia, na kwa mateso makubwa kuliko Wazungu, wakishtakiwa kuwa wapelelezi. Makanisa hayakufa wakati wamisionari wamefungwa. Waliyashika wakristo wa kawaida.

Hapo tunakumbuka mashua yenyewe. Ile mashua ya filamu inajulikana ilijengwa mwaka 1912 huko Lytham, Uingereza, ikaitwa Livingstone, ikatumika Ziwa Albert, na leo inatunzwa Key Largo, Florida, ambako watalii wanalipa kuipanda. Mashua ina wasifu. Watu waliofanya kazi Biondo hawana. Walijenga kambi ya miti na majani ya mitende, walibeba mizigo, na mashua ilipozama usiku mmoja, waliivuta kwa kamba mpaka ikatoka. Wageni walipenda kusimulia mzaha juu ya kuzama huko: ati mtu mmoja aliambiwa aitazame mashua, naye akaitazama, ikizama. Watu wamecheka kwa zaidi ya miaka 70. Sisi tungependa kujua aliambiwa kwa lugha gani, na jina lake nani.

Miaka michache baadaye sinema ilirudi kwetu. The Nun's Story ya Fred Zinnemann, iliyotoka mwaka 1959, ilipigwa Stanleyville, na waigizaji walifika hata Yakusu, ambako Dokta Stanley Browne alikuwa akitibu wenye ukoma. Ndiyo, filamu ya masista Wakatoliki kwenye misheni ya Wabaptisti. Mwigizaji mkuu alikuwa Audrey Hepburn, ambaye si ndugu wa Katharine. Hapo kuna hatua mbele. Waafrika wawili wana majina, Kalulu na Illunga, na wanasema. Lakini Kalulu aliigizwa na Orlando Martins, Mnigeria, na Illunga na Errol John wa Trinidad. Mkongo alibaki nyuma ya picha, katika nchi yake mwenyewe.

Ni rahisi kuishia hapo, tukiwalaumu watu wa Hollywood ambao wamekwisha kufa. Lakini tumesoma vijitabu vingi vya jubilei za makanisa yetu, na tunaona Kungdu ndani yake. Ukurasa wa kwanza, majina ya wamisionari, miaka waliyofika, miaka waliyoondoka, na hata jina la mke wa kila mmoja. Kisha: «wakisaidiwa na wakatekista wenyeji.» Picha ya mwaka 1938: Mzungu mmoja katikati, ametajwa, watu 30 wamesimama na kukaa, hawajatajwa. Hakuna aliyetulazimisha kuandika hivyo. Tuliandika sisi, baada ya uhuru, na baada ya makanisa kuungana katika ECC mwaka 1970.

Mtume Paulo hakufanya hivyo. Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi wasomaji wengi huiruka kwa sababu imejaa majina. Fibi yumo, Priska na Akila wamo, wamo wanawake waliofanya kazi kwa taabu, na wamo watu ambao hatujui habari yao nyingine yoyote. Hata Tertio, aliyeshika kalamu kuandika barua, anatoa salamu zake mwenyewe. Katika kitabu cha mafundisho mazito namna ile, Paulo aliona majina hayo yanastahili mafunjo na wino, ambavyo wakati ule havikuwa vya bei rahisi.

Tunayasema haya pia kwa sababu ya hali ya sasa. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, kwenye ng'ambo ya kushoto ya mto na kuelekea Ubundu, umeua watu na kuwafukuza wengi, na wengi wamekimbilia hapa mjini. Ni upande ule ule wa nchi ambao sinema iliuona kama msitu na kundi la watu wasio na majina. Tumesikia hata midomo ya Wakristo ikisema «wale» kwa namna hiyo hiyo: wale wamechoma, wale wamekuja, wale ndivyo walivyo. Mtu anayesema hivyo juu ya familia iliyolala kwenye mkeka katika jengo la kanisa ameshasahau kwamba ina baba mwenye jina na parokia aliyotoka.

Kwa viongozi wa vijana wanaotaka kuonyesha The African Queen Jumamosi jioni: ionyesheni. Simamisheni filamu baada ya kijiji kuchomwa, kabla mashua haijaondoka, na waulizeni vijana waandike jina la mtu mmoja wa kijiji kile na nini kilimpata kesho yake. Waacheni wachague wenyewe: mwimbaji wa safu ya pili, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana aliyechukuliwa na askari. Kisha endeleeni mpaka mwisho. Wasinyimwe ile sala na ile mvua.

Na kwa makanisa yenye picha za zamani, hasa Yakusu, Yalemba na vituo vyote vya upande wa mto: mtu aliyezaliwa 1940 sasa amepita miaka 80. Mchukulieni picha hizo nyumbani wiki hii, mmoja wenu akae naye. Andikeni majina nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya na kuharibu uso wa picha. Aliyesimama wa kwanza kushoto aandikwe kwanza. Jina la baba yake na kijiji chake pia, kama mzee anakumbuka.